Roboti, mgongo wangu na mume wangu

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu katika gazeti hili imekuwa kuhariri habari za wenzangu. Nampigia mtu simu, namwambia, "Dada, hapa umeruka kitu, hebu sema ukweli." Mwezi huu wenzangu wa ofisini wamenigeuzia kibao. Wewe je? Mbona ya kwako huyasemi? Basi leo ni zamu yangu, na nimeahidi kutoruka kitu.

Kisa changu kina roboti ndani yake, tena roboti wa kweli, siyo wa kwenye sinema. Lakini hakikuanza na roboti. Kilianza na maneno niliyoyasikia nikiwa koridoni nyumbani kwetu Tabata, mwaka 2021, nimeshika beseni la nguo.

Mume wangu alikuwa sebuleni, anaongea na kaka yake kwenye simu. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiye na raha, akasema: "Bwana we, huyu kila siku mgongo. Mimi nadhani hanitaki tu."

Nikarudi chumbani na beseni langu. Sikusema kitu. Na kwa mwaka mzima uliofuata sikusema kitu.

Kila siku mgongo

Maumivu yalianza mwaka 2020, mtoto wetu wa pili akiwa anaanza kutembea. Mwanzoni ilikuwa kiuno tu, hasa nikisimama jikoni kwa muda mrefu. Baadaye yakashuka: kwenye kalio la kushoto, nyuma ya paja, kwenye ndama ya mguu mpaka vidole. Si maumivu ya kuchoka. Ni kama mtu amekuchomeka waya wa umeme halafu anauwasha na kuuzima anavyotaka.

Ofisini nilikuwa nahariri kurasa nikiwa nimelala chali kwenye mkeka chini ya meza. Wenzangu walizoea, wakawa wananiruka kama mlango wenye kizingiti. Nyumbani mtoto akinyoosha mikono nimbebe, nilikuwa nageuka pembeni nisimuone.

Na kitandani? Jamani, sisi ni watu wazima, tuambiane ukweli. Mtu ambaye hata kujigeuza upande wa pili ni mpaka ashike ukingo wa kitanda, mapenzi yanatoka wapi? Nilikuwa nasubiri mume wangu asinzie ndipo niingie kulala. Yeye naye akaona. Mwanaume akikataliwa mara kumi haulizi tena sababu, anajitungia ya kwake.

Hospitali nilikwenda, tena sana. Zahanati ya kwanza wakaniambia nina U.T.I., ule ugonjwa ambao kila Mtanzania hupewa akikosa ugonjwa mwingine. Hospitali moja ya binafsi ikanitibu figo kwa wiki mbili. Mama mkwe wangu, mwanamke mwema ambaye hata hivyo hajui kunyamaza, akasema tatizo sikukandwa vizuri nilipojifungua. Akaniletea mama wa kukanda. Nilikandwa siku tatu. Siku ya nne sikuweza kuinuka.

Diklopa nilizomeza miaka ile, nikizipanga zitatoka Tabata mpaka Ubungo.

Picha iliyomnyamazisha mume wangu

Mwanzoni mwa 2022 rafiki yangu alinisukuma niende kwa daktari bingwa wa mifupa. Yule daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, akanivua viatu, akaniambia nitembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ulikataa. Akaandika kipimo cha MRI palepale.

Siku ya majibu mume wangu alinisindikiza, nadhani zaidi kwa ajili ya kuona kama kweli. Daktari akaweka picha kwenye taa, akachukua kalamu. Uti wa mgongo, alisema, ni pingili 33 zilizopangwa kama matofali. Tano ziko kiunoni, na kati ya pingili na pingili kuna diski laini inayozuia zisisagane. Akashusha kalamu mpaka pingili ya tano, ile ya mwisho ya kiuno. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Tofali lilikuwa limeteleza mbele, limetoka kwenye mstari.

Jina lake la kitaalamu ni spondilolisthesi. Kwangu kulikuwa na ufa mdogo kwenye mfupa wa nyuma wa pingili, labda tangu usichana. Watu wengi wanao ufa kama huo na hawaumwi maisha yao yote. Kwangu pingili ilisogea, ikabana mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni.

Halafu daktari akamgeukia mume wangu, bila hata kuulizwa: "Mkeo haigizi, bwana. Hili linauma."

Njiani hatukuzungumza. Kwenye foleni ya Buguruni nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho, nasubiri neno moja tu. Hakulisema. Alifungua redio.

Kumbe ana roboti wake

Daktari hakukimbilia kisu. Alinipa mazoezi ya viungo, akanikataza kunyanyua ndoo, akaniambia wengi hupata nafuu bila upasuaji. Nilifanya mazoezi kwa bidii miezi minne. Kisha siku moja nikiwa sokoni, mtoto wa watu akanikimbilia: "Mama, umeacha kandambili yako kule." Ilikuwa imenivuka mguuni, na mimi sikuhisi. Nilipomweleza daktari, sura yake ikabadilika. Mguu ukianza kupoteza nguvu, alisema, mambo ya kusubiri yanakwisha.

Usiku huohuo, saa saba, niliamka nikakuta mume wangu sebuleni gizani, simu usoni. "Mama watoto, njoo uone. Nimepata. Kuna roboti wanafanya upasuaji wa mgongo. Chennai, India. Tunauza kiwanja cha Kigamboni."

Nilikasirika mpaka nikashangaa mwenyewe. Daktari wetu alikuwa ameshatuambia upasuaji huu hufanyika hapahapa Dar, kwa mikono, na kwamba hajaona sababu ya lazima ya kusafiri. Kiwanja kile tulikilipia kidogokidogo miaka mitano. Lakini hasira yangu, nikiipekua vizuri, haikuwa ya kiwanja. Mimi nilitaka neno la pole. Yeye ananiletea mashine.

Tukanuniana wiki nzima.

Mimi nimesomea mawasiliano, na jambo moja nililotoka nalo chuoni ni kutofautisha habari na tangazo. Nikasema sawa, kabla hatujauza ardhi, ngoja nisome.

Kwanza neno lenyewe. "Roboti" lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Kwa hiyo roboti ni mtumwa, siyo bwana. Na kweli, mashine ya mgongo haipasui mtu yenyewe. Hata ile maarufu iitwayo da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000 kwa upasuaji wa tumbo, daktari ndiye anayekaa pembeni akiiongoza kwa mikono yake.

Ya mgongo kazi yake ni nyingine. Mtu kama mimi anahitaji pingili mbili zifungwe pamoja kwa skrubu na vyuma, ili mifupa iungane isiteleze tena. Skrubu inapita kwenye daraja jembamba la mfupa. Ukikosea milimita chache kwa ndani, uko kwenye mishipa ya fahamu. Zamani daktari alifungua mgongo kwa mkato mrefu na kuibandua misuli ili aone mfupa. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Marekani, Kevin Foley na Maurice Smith, walieleza njia ya kupita kwa bomba jembamba linalotenganisha misuli badala ya kuikata. Kidonda kidogo, damu kidogo, unainuka mapema. Tatizo moja: ukipita kwenye tundu dogo, mfupa huuoni vizuri, kwa hiyo unategemea picha za eksirei.

Hapo ndipo roboti anapoingia. Kampuni ya Israel, Mazor, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilipata kibali cha Marekani mwaka 2004 kwa kifaa chake cha kwanza cha mgongo. Mwaka 2018 kampuni ya Medtronic ilikubali kuinunua kwa dola zaidi ya bilioni 1.6. Daktari anapanga njia ya kila skrubu kwenye kompyuta kwa picha za CT. Chumbani, mashine inalinganisha picha hizo na mwili ulioko mezani, kisha mkono wake unasimama palepale penye pembe iliyopangwa. Unashika bomba, basi. Anayetoboa ni daktari.

Je, ni bora? Hapa ndipo nilipomwamsha mume wangu usiku mimi. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Ujerumani wa wagonjwa 60. Skrubu zilizowekwa kwa mkono wa daktari zilikaa vizuri kwa asilimia 93. Za kusaidiwa na roboti, asilimia 85. Mkono ulimshinda roboti! Mume wangu akanywea. Lakini haki ni haki, nikamsomea na upande wa pili: mashine zimebadilika tangu hapo, na tafiti nyingi zilizofuata zimemkuta roboti akilingana na mkono au kuuzidi kwa kunyoosha skrubu. Ila kuhusu kile anachotaka mgonjwa, yaani maumivu kupungua baada ya mwaka, tofauti haijaonekana wazi.

"Sasa tunafanyaje?" akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuniuliza badala ya kuniambia.

Nikamwambia nitakwenda Chennai kwa masharti mawili. Moja, anisindikize yeye, siyo dada yake. Mbili, tukifika tutamuuliza daktari maswali yetu yote, na asiponijibu vizuri tunarudi na kiwanja chetu.

Kioo cha televisheni

Tulisafiri Agosti 2022. Kiwanja kiliuzwa, ndugu wakachanga kwenye kundi la WhatsApp, mama mkwe akachukua watoto. Nataka nimshukuru hapa hadharani.

Daktari wa Chennai alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Nikamuuliza: umefanya ngapi za namna hii? Roboti akikataa katikati itakuwaje? Na bila roboti ungeweza? La mwisho alilijibu kwanza. "Kama nisingeweza bila roboti, nisingekuwa na haki ya kukufanyia na roboti." Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Usiku wa kuamkia upasuaji walinikataza kula. Mume wangu alikuwa amelala kwenye kochi la msindikizaji, miguu imening'inia kwa urefu wake. Nilidhani amesinzia. Akasema gizani:

"Siku ile naongea na kaka... ulikuwa umesimama koridoni. Nilikuona kwenye kioo cha televisheni. Una beseni."

Nikahisi baridi.

"Nilijua umesikia," akasema. "Nikasubiri uje unifokee. Hukuja. Nikasema basi ni kweli, hanitaki. Halafu siku ile daktari anaonyesha picha, nikaona aibu. Nikatafuta kitu kikubwa cha kukufanyia. Nisamehe, mke wangu."

Mwaka mzima! Mimi najua alichosema, yeye anajua kwamba najua, na kila mmoja anamsubiri mwenzake chumba cha pili. Pingili moja imetoka kwenye mstari mgongoni, na nyingine ilikuwa imetoka ndani ya nyumba, na hiyo ya pili hakuna aliyeipiga picha.

Sikumjibu kwa maneno. Nilimwambia anisaidie kugeuka upande wake.

Tatu kwa moja

Asubuhi nikapewa nusu kaputi, nikaanza kuhesabu, sikufika saba. Saa nne baadaye mtu alikuwa ananiita jina langu na kuniambia nichezeshe vidole vya mguu. Vikacheza.

Jioni daktari akaja. Akavuta kiti, akatuambia kila kitu kama kilivyokuwa. Skrubu nne zimekaa. Tatu aliziweka kwa kuongozwa na mkono wa roboti. Ya nne, ncha ya kutobolea iliteleza kidogo kwenye mteremko wa mfupa, na alipopiga eksirei akaona haijakaa kwenye njia iliyopangwa. Akaisogeza mashine pembeni, akaiweka kwa mkono kwa kufuata picha. "Hili hutokea," alisema. "Ndiyo maana mimi nipo."

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo, Daktari, tumeuza kiwanja kwa ajili ya skrubu tatu."

Nilicheka mpaka nesi akaja kunikataza.

Hadi leo sijui skrubu ipi ni ya mkono. Picha nimeziangalia mara nyingi. Zote nne zinafanana.

Mikono ya baba watoto

Kuna jambo moja sikuliona kwenye video hata moja ya roboti: wiki zinazofuata. Mashine ilikuwa nami kwa muda mfupi tu. Mifupa kuungana inachukua miezi, na kazi hiyo haina mashine. Unafundishwa kugeuka kama gogo, mwili mzima kwa pamoja. Usiiname, usijipinde, usinyanyue. Kwa wiki sita mume wangu alinifunga kamba za viatu. Alinivalisha mkanda wa mgongo. Alinikalisha kwenye stuli bafuni akaniogesha, akiwa amejifunga kanga yangu ili asilowe, huku anaimba vibaya. Mama mkwe alipomkuta siku moja anafua nguo zangu za ndani, alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani ndiyo mara ya kwanza.

Mtoto wetu mdogo alilia siku ya kwanza nilipokataa kumbeba. Tukabuni mtindo: mimi nimelala, yeye anapanda mwenyewe, ananilalia ubavuni. Sasa ana miaka sita na bado anadai mtindo wake.

Na lile jambo lingine je, mnalolisubiri? Tuliuliza. Ndiyo, mume wangu mwenyewe alimuuliza daktari, masikio yamemwiva kwa aibu, kabla hatujaondoka Chennai. Kwangu jibu lilikuwa kusubiri wiki kama sita, kuanza taratibu, mgongo ukiwa umeegemea godoro, na kuacha pale panapouma. Muulize wa kwako, kila mgongo una habari yake. Nitasema tu kwamba baada ya miaka miwili ya kusubiriana usingizi, sasa tunaingia kulala saa moja.

Baada ya mwaka nilipigwa picha hapa Dar. Mfupa umeungana. Maumivu ya waya wa umeme yameisha. Kidole gumba cha mguu wa kushoto bado kimekufa ganzi, na daktari amesema huenda kikabaki hivyo kwa sababu mshipa ulibanwa muda mrefu. Kidole hicho ndicho ninachokilaumu kwa ule mwaka wa kunyamaza. Ningesema mapema, ningepimwa mapema.

Je, ningefanya tena hivyohivyo? Mume wangu anasema ndiyo, bila kufikiri. Mimi sina hakika. Inawezekana kabisa kwamba mikono mizuri hapa nyumbani ingetosha, na Kigamboni kungekuwa na msingi wa nyumba. Lakini pia najua kwamba bila safari ile hatungelala chumba kimoja, gizani, mbali na kila mtu, bila redio ya kufungua.

Kama wewe au mwenzako mnaumwa mgongo, nichukulieni kama dada. Usikubali kutibiwa U.T.I. ya mguuni. Mguu ukipoteza nguvu, ukipata ganzi sehemu za siri, au ukishindwa kuzuia au kutoa haja, usisubiri Jumatatu. Hiyo ni dharura, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiambiwa habari za roboti usiruke kwa furaha na usikimbie kwa woga. Uliza jina la daktari, amefanya ngapi, na atafanya nini mashine ikikataa. Anayekujibu bila kukasirika, huyo ndiye.

Na wewe unayelala pembeni ya mgonjwa: ukisikia "mgongo unauma", kabla hujampigia kaka yako, muulize anayeumwa. Na wewe mwenye beseni koridoni, ingia sebuleni.

Tukutane mwezi ujao.